Mota ya Gari la Kupanda Mawe

Puge iko kwenye barabara ya kutoka Tabora kwenda Nzega, katika ukanda ambao misafara ya wapagazi ilipita ikitoka Unyanyembe kuelekea Usukuma na ziwani. Mzee anayezungumza hapa alikuwa fundi umeme wa vichwa vya treni Tabora. Baada ya kustaafu anasuka mota za pampu na mashine za kusaga, kibandani kwake kando ya barabara. Mjukuu wake anasoma Mwanza na amerudi likizo na boksi kubwa kwapani.

BABU: Karibu kiti. Hiyo ni mota umeniletea nisuke, au ni zawadi?

MJUKUU: Ni gari la rimoti, babu, lile la kupanda mawe. Nimepata fremu, ekseli mbili, giaboksi na tairi. Vitu vya umeme sina hata kimoja. Wenzangu Mwanza wanasema nitafute mota kali kuliko zote ninazoweza kulipia, maana mawe ya kule ni mabaya.

BABU: Wenzako wanawaza gari la mbio. Wewe unataka lako lipande jiwe kwa mwendo gani?

MJUKUU: Taratibu sana. Kuna wakati tairi moja inasogea kidogo tu, inasimama, mpaka nyingine ipate pa kushika.

BABU: Basi kazi ya mota yako ni kuzunguka karibu na kusimama bila kutetemeka na bila kuungua. Kukimbia mota yoyote inaweza. Hata kazini kwangu ilikuwa hivyo: wengi wanadhani kichwa cha treni ya dizeli kinasukumwa na injini moja kwa moja. Vile vyetu injini ilizungusha jenereta, na jenereta ikalisha mota zilizokaa kwenye ekseli. Treni nzito ikitoka Saranda kupanda kwenda Manyoni, dereva jicho lake liko kwenye mita ya ampea. Mwendo ukishuka mno ampea zinapanda, na mota ina dakika zake za kuvumilia. Ukizivuka hizo, umeshanitafutia kazi karakana.

MJUKUU: Hapo ndipo sielewi. Inazunguka polepole, sasa kwa nini inakula umeme mwingi?

BABU: Mota inapozunguka inazalisha umeme wake yenyewe, unaosukumana na ule wa betri. Ikienda kasi, huo wa kupinga ni mkubwa, kwa hiyo wa betri unapenya kidogo. Ikikwama, hakuna wa kupinga. Betri inakuta waya mtupu. Chukua mota yenye ohm 0.3, betri ya volti 7.4. Gawanya.

MJUKUU: Karibu ampea 25.

BABU: Zidisha kwa volti.

MJUKUU: Wati 180 na kitu.

BABU: Na shafti imesimama, kwa hiyo kazi inayofanyika ni sifuri. Wati zote hizo ni joto, ndani ya kopo la kipenyo cha milimita 36. Hii pasi yangu ya kulehemu ni ya wati 60, na inayeyusha risasi. Sasa unaona kwa nini mota hufia kwenye jiwe na si barabarani. Halafu, hizo ohm usizipime kwa mita ya bei rahisi ukaamini. Waya za mita zenyewe zina ohm 0.2 hivi. Gusanisha ncha zake kwanza, soma, kisha utoe.

MJUKUU: Kwa hiyo dawa ni mota kubwa zaidi?

BABU: Dawa ni gia. Ukipunguza mwendo kwa gia, tairi inapata nguvu na mota inaendelea kuzunguka, haikwami. Anza kuchagua kutoka kwenye tairi kurudi nyuma. Kipenyo cha tairi yako ni kiasi gani?

MJUKUU: Sentimita 11.

BABU: Kuizunguka ni sentimita 34 na nusu. Giaboksi na ekseli kwa pamoja zinapunguza mara ngapi?

MJUKUU: Karatasi inasema mara 40.

BABU: Tuseme mota inafika mizunguko 9,000 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Gawa kwa 40, tairi inazunguka mara 225. Hiyo ni mita 78 kwa dakika, karibu kilomita 4.7 kwa saa. Mtu anatembea hivyo. Huo ndio mwendo wa juu kabisa unaouhitaji, na ukibana rimoti kidogo litatambaa. Ukifunga mota ya mizunguko 18,000 kwenye gia hizohizo, litakimbia kama mtu anayejogi, na kwenye jiwe ama litaruka ama litakwama.

MJUKUU: Dukani mota hizo zinaandikwa namba: 27, 35, 45, 55. Ndiyo mizunguko yenyewe?

BABU: Hiyo ni mizunguko ya waya, yaani waya umezungushwa mara ngapi kwenye kila jino la rota. Hapo umeingia kwenye kazi yangu. Waya wa mizunguko michache unasukwa mnene: mota inakwenda kasi na kunywa ampea nyingi. Mizunguko mingi, waya mwembamba: kasi inashuka kwa volti zilezile, na ampea zinapungua. Ila wasikudanganye kwamba 55 ina nguvu za ziada zilizotoka mbinguni. Nafasi ya waya ndani ya kopo ni ileile na shaba ni ileile. Unachofanya ni kubadilisha ampea kwa volti. Faida unaiona kwenye vitu vingine: waya, betri na kidhibiti mwendo havipati moto. Kwa gari lako, 35 hadi 55. Ukitumia betri ya volti 7.4 chukua ya 35 au 45. Ukipanda hadi 11.1, chukua ya 55.

MJUKUU: Na hizi zisizo na kaboni? Wanasema ndizo za kisasa.

BABU: Ni nzuri, hazina kaboni ya kulika, lakini uliza kwanza kama zina sensa. Kidhibiti cha mota isiyo na kaboni lazima kijue rota iko upande gani ndipo kipeleke umeme kwenye koili inayostahili. Bila sensa kinasoma ule umeme wa kupinga niliokuambia. Mota ikisimama, huo umeme haupo. Kinafanya nini sasa?

MJUKUU: Kinabahatisha.

BABU: Kinabahatisha, na gari linatetemeka juu ya jiwe hadi linadondoka. Umeziona pikipiki za umeme mijini? Nyingi mota yake iko ndani ya gurudumu la nyuma, haina kaboni, ina sensa tatu ndogo. Sensa moja ikifa, pikipiki inakatakata pale inapoanza kuondoka. Kwa hiyo ama ununue yenye sensa pamoja na kidhibiti chake, ama ubaki na kaboni. Mimi ningebaki na kaboni. Ni rahisi, na hapa Puge ninaweza kukufungulia nikaisafisha. Tena si aibu: mwaka 1997 Wamarekani walishusha Mars kigari cha magurudumu sita, Sojourner. Mota zake zilikuwa za kaboni, za Maxon ya Uswisi, na mwendo wake wa juu ulikuwa kama sentimita 1 kwa sekunde. Gia zilikuwa nyingi. Haya, shika hii.

MJUKUU: Ya nini hii?

BABU: Ya drili ya betri iliyokufa. Zungusha shafti polepole kwa vidole, uhesabu inashika mara ngapi hadi mzunguko mmoja uishe.

MJUKUU: Moja, mbili... sita.

BABU: Rota yake ina meno matatu, sumaku mbili. Yenye meno matano ingeshika mara kumi, lakini kwa vikwazo vidogovidogo, kwa hiyo inatambaa laini zaidi. Ukikuta mbili za bei inayokaribiana, nunua ya meno matano. Sasa ngoja nigusanishe waya zake mbili. Zungusha tena.

MJUKUU: Eeh! Imekuwa nzito. Umeifunga?

BABU: Sijaigusa. Umeizungusha, imezalisha umeme, umeme umepata njia kwenye waya, na sasa unapingana na vidole vyako mwenyewe. Zungusha polepole kabisa.

MJUKUU: Hivi inakubali.

BABU: Hiyo ndiyo breki ya gari lako. Kidhibiti mwendo, ambacho wauzaji wanaandika ESC, kiwe na mpangilio wa kushika breki ukiachia rimoti. Cha magari ya mbio mara nyingi kinaliacha lizunguke, na mlimani litarudi kinyumenyume mpaka chini. Weka breki hiyo asilimia 100. Litateleza taratibu sana, kama ulivyoona, lakini gia za kupunguza mara 40 zinasaidia. Kingine: kuanza kwake kuwe laini, kidole kikisogea kidogo tairi isogee kidogo. Hapa usibanie pesa. Kwa mota rahisi na kidhibiti kizuri gari litapanda, lakini kwa mota ya bei mbaya na kidhibiti kibovu utashinda unaliokota.

MJUKUU: Na usukani? Nimeona sevo za kilo 5, za kilo 20, za kilo 35.

BABU: Hizo ni kilo ambazo mkono wa sentimita 1 unaweza kuvuta. Tairi ikibanwa kati ya mawe mawili, kilo 5 hazitoshi. Kuanzia 20, na gia zake ziwe za chuma. Lakini kuna ugonjwa mmoja unasumbua watu: gari limebanwa, unakata kona, ghafla gari zima linazimika, halafu linarudi lenyewe. Wanabadilisha rimoti, wanabadilisha mota.

MJUKUU: Kumbe?

BABU: Sevo ikibanwa inavuta ampea 3 au zaidi, nayo ni mota kama nyingine. Inalishwa na kishusha volti kidogo kilicho ndani ya kidhibiti, na kipokezi cha rimoti kinalishwa hapohapo. Volti zinaanguka, kipokezi kinalala. Soma ampea za kile kishusha volti kabla hujanunua sevo. Kama hazitoshi, funga kishusha volti cha peke yake kwa ajili ya usukani.

MJUKUU: Rimoti?

BABU: Yoyote ya gigahezi 2.4. Ipange kwamba mawasiliano yakikatika gari lisimame, basi.

MJUKUU: Nilifikiri betri nitoe kwenye laptopu mbovu, zile za duara.

BABU: Seli hizo zimetengenezwa kutoa umeme kidogokidogo kwa muda mrefu. Gari likikwama unataka ampea 25, na nyingi kati ya seli hizo zitapata moto. Nunua betri ya lipo ya seli mbili, ndiyo hizo volti 7.4. Ya ampea-saa 2.2 yenye alama 25C ina maana inaweza kutoa ampea 55, inabaki akiba. Hata ukikuta alama imetiwa chumvi, na mara nyingi imetiwa, bado inatosha. Ifunge mbele na chini, mlimani gari lisibinuke. Seli isishuke chini ya volti 3.2, kwa hiyo hakikisha kidhibiti umekiwekea kikomo cha lipo. Kikiwekwa cha betri za aina nyingine hakitakata umeme mapema, na seli zitavimba.

MJUKUU: Kuchaji?

BABU: Kwa chaja inayosawazisha seli moja moja, kwa ampea 2 hivi, juu ya sakafu ya saruji na wewe upo. Si kitandani, wala usiku ukiwa umelala. Iliyovimba usiichaji tena. Kama hutaitumia wiki nzima, iache kwenye volti 3.8 kila seli.

MJUKUU: Hii ya drili siwezi kuitumia?

BABU: Unaweza kuijaribu, lakini hilo kopo ni kubwa zaidi, huenda halitaingia kwenye giaboksi lako. Na mota za printa usihangaike nazo, nyingi zinataka volti 24, kwa betri yako zitalala. Ukipata yako, siku ya kwanza panda mawe dakika tano kisha weka kidole kwenye kopo. Kama huwezi kukiacha hapo kwa sekunde chache, badilisha pinioni, ile gia ndogo ya kwenye shafti ya mota, weka yenye meno machache zaidi. Usikimbilie kununua mota nyingine.

MJUKUU: Pesa yangu haitoshi vyote kwa pamoja, babu. Nianze na kipi?

BABU: Chaja na betri kwanza, kisha kidhibiti, kisha sevo. Mota ya kaboni ya 45 ndiyo ya bei ndogo kuliko vyote hivyo, inunue mwisho. Ikiungua, niletee.