Maziwa ya kopo ya mtandaoni: Yakimdhuru mtoto utamuuliza nani?



Karibu na soko la hapa Chake Chake mama mmoja wa makamo alinisimamisha akanifungulia simu yake. Katika kundi la WhatsApp kulikuwa na picha ya kopo la maziwa ya mtoto mchanga, namba moja, na bei yake ilikuwa karibu na nusu ya bei ya dukani. Muuzaji yuko Dar es Salaam, pesa zinatangulia kwa simu, na mzigo unakuja kwa boti hadi Mkoani. Akaniuliza: "Mwanangu, ninunue?"

Nilimwambia, "Usinunue, mama." Hakuridhika, na alikuwa na haki. Mtoto huyo ni mjukuu wake mwenye wiki tano, na mama yake amefariki baada ya kujifungua. Neno "usinunue" peke yake halimshibishi mtoto. Basi leo nataka nimjibu kwa urefu, yeye na wenziwe walio katika hali kama yake.

Kwanza tuliweke wazi jambo moja. Mama aliye hai na anayeweza kunyonyesha hana haja na kopo. Tumesoma sote katika Suratul Baqara, aya ya 233, kwamba ukamilifu wa kunyonyesha ni miaka miwili, na sisi matabibu tunasema miezi sita ya mwanzo apewe maziwa ya mama tu, hata maji asipewe. Hata mama mwenye virusi vya Ukimwi, akiwa anatumia dawa zake sawasawa na kufuatiliwa kliniki, ananyonyesha. Lakini aya hiyo hiyo imezungumzia pia mtoto kunyonyeshwa na mwengine, kwa hiyo sheria inajua kwamba dharura zipo. Wapo yatima, wapo pacha ambao maziwa hayawatoshi, wapo mama waliolazwa mahututi. Hao ndio wanaowindwa na wauzaji wa simu, kwa sababu mwenye dharura hahoji sana.

Ubaya wa maziwa ya unga ni kwamba macho hayatoshi kuyapima. Samaki aliyeoza utamjua kwa harufu, lakini unga mweupe ni unga mweupe. Mwaka 2004 huko Fuyang, katika jimbo la Anhui nchini China, watoto walilishwa maziwa bandia ambayo protini ndani yake ilikuwa karibu hakuna. Walivimba vichwa na nyuso huku miili ikinyong'onyea, na wasiopungua 12 walifariki. Uvimbe wa namna ile, kwa mtu asiyejua, huonekana kama unene. Mzazi anafurahi mashavu yamejaa, kumbe mtoto ana utapiamlo mkali.

Mwaka 2008 China hiyo hiyo ilipata balaa kubwa zaidi. Maziwa yalizimuliwa kwa maji, kisha yakatiwa melamini, kemikali ya kutengenezea sahani za plastiki ngumu. Kwa nini melamini? Kwa sababu kiwandani protini ilipimwa kwa kuangalia kiasi cha naitrojeni, na melamini ina naitrojeni nyingi. Kipimo kikasema maziwa ni mazito, kumbe ni maji. Ndani ya figo za watoto kemikali ile ilifanya vijiwe. Watoto wapatao 300,000 waliugua na sita walifariki. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizozuia maziwa kutoka China mwaka ule. Na zingatia kwamba kampuni ya Sanlu, iliyokuwa katikati ya kashfa ile, ilikuwa kampuni kubwa na yenye jina. Ikiwa kampuni yenye kiwanda na anuani iliweza kufanya hivyo, tutasemaje juu ya mtu ambaye tunachokijua kwake ni picha ya ua tu?

Hapa nakumbuka kisa tulichosomeshwa chuoni, cha Sayyidna Umar (r.a.) akipita usiku Madina, akamsikia mama anamwamrisha binti yake atie maji katika maziwa ya kuuza. Binti akakataa. Mama akamwambia Umar hawaoni, naye akajibu kwamba ikiwa Umar hawaoni, Mola wa Umar anawaona. Tulikuwa tukikisoma kama kisa cha uaminifu wa binti. Siku hizi nakisoma pia kama kisa cha afya, maana maziwa ni chakula ambacho mnunuzi hawezi kukikagua, anategemea dini ya muuzaji au mkono wa serikali. Mtandaoni mara nyingi havipo vyote viwili.

Udanganyifu wenyewe una njia nyingi. Kuna kopo halisi lililokwisha muda, tarehe yake ikafutwa na kuandikwa nyengine. Kuna lebo bandia juu ya maziwa ya bei rahisi. Mwaka 1995 huko Marekani yalikamatwa maziwa yaliyobandikwa lebo bandia za Similac. Kuna kopo halisi tupu lililojazwa maziwa ya unga ya chai, ambayo kwa mtoto wa wiki tano yana chumvi na protini nyingi kuliko figo zake zinavyohimili. Kwa hiyo kopo lako likimalizika litoboe au likunje kabla ya kulitupa. Najua majumbani kwetu kopo halitupwi, linapimiwa mchele. Basi angalau lichane lebo.

Na hata kama maziwa ni halisi, hujui yamepita wapi. Kopo lililokaa wiki nzima juani, au lililopata maji, si kopo lile lililotoka kiwandani. Mwezi wa Disemba 2017 kampuni ya Lactalis ya Ufaransa ilianza kurejesha maziwa yake ya watoto kwa sababu ya vijidudu vya salmonella, na mpaka mwezi uliofuata yalikuwa yakirejeshwa kutoka nchi zaidi ya 80. Amri kama hiyo humfikia muingizaji aliyesajiliwa, naye huwaambia wenye maduka. Aliyekuuzia kupitia simu haimfikii, na ikimfikia, sidhani kama atakupigia.

Nisijifanye mjuzi sana. Miaka michache nyuma mke wangu alijifungua kwa upasuaji, akaugua, na maziwa yakachelewa. Dukani siku ile yalikuwa yamekwisha, nami, tabibu mzima, nikaagiza kopo kwa simu. Lilipofika lilikuwa zuri: mfuniko mzima, karatasi ya bati ya ndani imeshika. Ni baada ya kuligeuza chini ndipo nikaona tarehe imepigwa wino mpya juu ya alama zilizokwaruzwa. Nilishikwa na hasira, nikaumwaga unga jaani, nikampigia muuzaji. Alikata simu, na kesho yake ukurasa wake haukuwepo tena.

Kuagiza lilikuwa kosa, lakini kosa kubwa lilikuwa kulitupa lile kopo. Lilikuwa ndio ushahidi pekee. Lingefika mikononi mwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA) pamoja na namba ya simu na ujumbe wa malipo, pengine wazazi wengine walionunua kutoka toleo lile wangeonywa. Mpaka leo sijui makopo yale mengine yaliliwa na watoto gani.

Basi ukiwa na dharura ya kweli, nunua katika duka la dawa au duka kubwa unalolijua, linalotoa risiti. Soma tarehe na namba ya toleo, tazama kama zimekwaruzwa au kubandikwa juu. Namba moja ni ya mtoto wa chini ya miezi sita; mbili na tatu si zake hata zikiwa rahisi. Kopo lililobonyea, lililovimba au lenye kutu liache. Maziwa ya kupimiwa kutoka kopo lililofunguliwa usinunue kabisa. Ukifungua nyumbani ukakuta unga una madonge, rangi ya ajabu au harufu ya mafuta yaliyovunda, usionje wala usimpe mtoto. Lifunge, lihifadhi na risiti yake, uwapelekee watu wa afya.

Jengine ambalo wengi hawalijui ni kwamba unga wa maziwa, hata ulio halisi, haukosi vijidudu kabisa. Kimojawapo, kiitwacho Cronobacter, humletea mtoto mchanga homa ya uti wa mgongo. Chemsha maji, uyaache yapoe kwa muda usiozidi nusu saa ili yabaki na moto wa nyuzi 70 au zaidi, ndipo utie unga kwa kijiko cha ndani ya kopo kama ilivyoandikwa. Kisha poza kikombe ndani ya maji baridi, ujaribu tone juu ya kiganja kabla ya kumpa. Mnyweshe kwa kikombe kidogo kilichochemshwa. Chupa yenye chuchu ni tabu kusafisha. Yaliyobaki baada ya saa mbili mwaga. Na kijiko kisipunguzwe ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Kuzimua kwa umasikini humkondesha mtoto sawa na kuzimua kwa wizi.

Mtoto akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akiharisha, akikojoa kidogo, utosi ukididimia, akawa mlegevu, akapata degedege au uso na miguu kuvimba, usingoje asubuhi. Nenda hospitali na kopo lako mkononi. Usione haya kusema ulilinunua wapi. Sisi tunataka kujua amekula nini, na hatuna kesi na wewe.

Nirudi kwa yule bibi. Tulikaa na jamaa zake tukatafuta njia, na ikaonekana mke wa mwanawe ananyonyesha mtoto wa miezi minne. Alipimwa virusi vya Ukimwi kwanza, akawa salama, akakubali kumnyonyesha yatima mchana na usiku, na kopo la kujazia likawa la dukani, kwa michango ya ndugu. Hapo lilizuka suala la udugu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, akishanyonya mara tano kabla ya kutimiza miaka miwili, mtoto huyo anakuwa ndugu wa kunyonya wa watoto wote wa mama yule, na hawaoani. Bibi alitoa daftari la skuli, tukaandika jina la yatima, la aliyemnyonyesha, na tarehe ya siku aliyoanza, na nakala akapewa mwalimu wa chuo cha mtaani kwao.