SOMO: MBABULA NDANI YA NYUMBA WAKATI WA BARIDI



Mwezi wa sita na wa saba ni miezi ya baridi huku Katanga. Miji ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi iko juu, na usiku joto huweza kushuka chini ya digrii 10. Nyumba zetu nyingi hazina chombo cha kuzipasha moto. Basi familia huingiza ndani mbabula, yaani jiko la makala, hufunga mlango, huziba matundu ya hewa kwa matambara, kisha hulala. Wengine hawaamki.

Sumu inatoka wapi?

Makala yakiwaka kwa hewa kidogo hutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Watu husema makala yakiwa mekundu bila moshi hayana hatari. Si kweli: moshi huonekana, gesi haionekani. Gesi hii hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu hupumua lakini mwili haupati hewa. Mbabula iliyoziba kwa majivu hutoa gesi nyingi zaidi. Makala yaliyofunikwa majivu ili yafike asubuhi nayo bado yanaitoa.

Dalili zake

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Wengi hudhani ni malaria. Angalieni hivi: wote wa chumba kimoja wanaumwa pamoja, hawana homa, na wakitoka nje wanapata nafuu.

Tufanye nini?

1. Washeni mbabula nje, na ondoeni majivu ya jana kwanza.
2. Mkiota moto, oteni nje au barazani penye upepo.
3. Mtu asilale na mbabula ndani, hata kama dirisha liko wazi kidogo.
4. Kitandani tumieni chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa.
5. Mtu akizidiwa, fungueni mlango, mtoeni nje upesi, mpelekeni hospitali akapewe oksijeni. Maziwa hayaondoi sumu hii.

Kazi ya chama

Mgodini, baruti ikilipuka, hakuna anayerudi kabla hewa haijasafishwa. Huko Uingereza wachimbaji walishuka na ndege wadogo ili kuitambua gesi hii hii, mpaka ndege hao walipoanza kuondolewa mwaka 1986. Hewa tunayoidai kazini tuidai na nyumbani.

Tusimlaumu mama aliyewasha mbabula huku watoto wanatetemeka. Tuulize nyumba ile ikoje. Pendekezo Na. 115 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1961, juu ya makazi ya wafanyakazi linataja kinga ya baridi, na linataja pia upitishaji wa hewa. Vyote viwili ni haki. Kwa hiyo kila mjumbe apite nyumba kwa nyumba, aandike vioo vilivyovunjika, milango isiyofunga na matundu yaliyozibwa, na alete orodha mkutanoni kabla ya baridi kuanza.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wenu, nyumba ngapi hulala na mbabula ndani?
2. Nani anapaswa kutengeneza nyumba hizo, na tumemwandikia?
3. Nani atawafundisha majirani wasiosoma gazeti hili?