Zima Moto Kwanza, Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa Saadani, ujumbe wako nimeusoma, na picha za mnyama wako nimezikuza mpaka nikaziona kucha zake. Unasema umemchonga kwenye Blender kwa ajili ya gemu ya simu mnayotengeneza na wenzako, umempaka rangi ya moto mwili mzima, na bado hatishi. Unaniuliza ununue programu gani ya kulipia. Usinunue chochote, hela yako itunze. Blender iliachiwa watu wote mwaka 2002, baada ya wapenzi wake kuchanga yuro 100,000 ndani ya wiki saba, na kazi unayoitaka inaiweza. Tatizo la mnyama wako ni kwamba anawaka kila mahali, kwa hiyo jicho halina pa kutua. Tatizo la pili linaniuma zaidi: umeazima lava ya wengine, wakati nchi yako ina lava isiyopatikana kwenye volkano nyingine yoyote iliyo hai.

Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamaasai, uko kusini mwa Ziwa Natron. Lava ya basalti, ile unayoiona kwenye filamu, ni mwamba wenye silika ulioyeyuka, na hutoka ikiwa na joto la digrii 1,100 hivi. Ya Lengai imejaa kabonati za sodiamu, potasiamu na kalsiamu, ukoo mmoja na magadi ambayo mama zetu hutia kwenye maharage yaive upesi. Hutoka ikiwa na digrii kati ya 500 na 600 tu. Mchana ni nyeusi na nyepesi, inateremka mbio, na wekundu wake hafifu unaonekana usiku. Kisha inaanza kunywa unyevu wa hewani, na baada ya saa au siku chache inageuka nyeupe. Mwanajiolojia J. B. Dawson aliandika habari zake mwaka 1962, na hadi leo wataalamu wanapanda mlima ule kuichota.

Sasa mfikirie mnyama aliyeumbwa kwa lava hiyo. Mgongoni, ambako hakuna kiungo kinachojikunja, amekuwa mweupe na gamba lake limekauka. Kwenye magoti, shingoni, pembeni mwa taya, kila anapojongea gamba linapasuka na weusi mbichi unatoka. Akisimama muda mrefu anafifia na kuwa mweupe mwili mzima, mchezaji anamdhania jiwe. Akiinua mguu, nyufa zinafunguka. Unaona, mdogo wangu? Rangi imeanza kueleza ni sehemu gani imetembea sasa hivi na ipi imelala. Na mkimleta kwenye ramani ya pwani, kwenye unyevu wetu huu, mna haki kabisa ya kumfanya ageuke mweupe haraka zaidi kuliko kule bara. Hiyo ni kanuni ya gemu iliyotoka kwenye kemia halisi.

Kama moyo wako bado unataka moto mwekundu, haya, ila mwekundu una sheria zake. Jiwe huanza kuonyesha wekundu wa gizani likipita kidogo digrii 500, linakuwa la chungwa likikaribia 1,000, na njano inakuja juu ya hapo. Kwa hiyo njano weka ndani kabisa ya ufa, chungwa kwenye kuta zake, wekundu mzito pembezoni, halafu weusi mtupu. Acha sehemu kubwa ya mwili isiwake hata kidogo. Uso wa lava hupoa kwanza na kutanda utando, kama uji uliokaa bakulini, na ya chini ikisukuma, utando ule unakunjamana kamba kamba. Mikunjo hiyo ichonge ikifuata mwelekeo wa mtiririko, kutoka begani kushuka mkononi. Ukitazama picha za volkano ya Nyiragongo, juu ya mji wa Goma, zitazame kwa heshima, maana lava ya Mei 2021 iliteketeza nyumba za watu na kuua.

Kuhusu kuchonga kwenyewe, nimeona ulianza na magamba kabla mwili haujakaa sawa. Futa magamba yote. Najua inauma. Chukua brashi ya kuvuta peke yake, meshi iwe nyepesi, utafute umbo kubwa: uzito uko wapi, kichwa kinaning'inia au kimeinuka, mguu upi unabeba. Mjaze rangi nyeusi tupu umtazame kivuli chake. Kama hatambuliki hapo, hakuna tekscha itakayomwokoa. Walimu wa jambo hili tunao, ni wachongaji wa Kimakonde. Samaki Likankoa anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa shetani katika miaka ya 1950, na tangu hapo mafundi wamechonga viumbe wenye jicho moja, sikio kubwa kupita kiasi, mdomo uliopinda, na kila kimoja unakijua ukiwa mbali. Wanachonga mpingo, ambao kiini chake ni cheusi na ganda la nje ni la rangi ya maziwa, na mara nyingine fundi huliacha ganda hilo makusudi lifanye kazi kwenye sanamu. Nyeusi na nyeupe, mdogo wangu, tayari zimeshaelewana. Siku ukifika Bagamoyo, pita TaSUBa, chuo cha sanaa, uombe kuwatazama wanafunzi wa sanaa za ufundi wakiwa kazini. Tazama wanavyozungusha gogo.

Umbo likishakaa ndipo unaongeza wingi wa meshi na kutafuta ngozi. Na ngozi unayo hapo hapo kijijini. Kwenye mabwawa ya chumvi, tope likikauka linapasuka vipande vyenye pembe, kingo zake zinajikunja juu, na chumvi inatanda nyeupe. Omba ruhusa kwa wenye mabwawa, upige picha kwa simu. Piga siku ya mawingu au uweke kivuli, simu ikitazama chini wima, kwa sababu kivuli cha jua kikiingia kwenye picha kitabaki kwenye tekscha, na mnyama akigeuka ndani ya gemu mwanga utamdanganya mchezaji. Usifuate picha za ngozi ya mamba mtoni Wami ukiwa peke yako. Hilo sikuombi, nakukataza.

Mengine ni ya kiufundi tu. Mchongo wenye poligoni milioni simu haiwezi kuubeba, kwa hiyo jenga meshi nyepesi juu yake, elfu tano hadi kumi inatosha, ikunjue vizuri, halafu oka mikunjo yote iingie kwenye ramani ya nomo (normal map). Ramani ya ukwaru usiipuuze: weupe uwe mkavu usioakisi mwanga, weusi mbichi uteleze. Ramani ya kung'aa iwe karibu nyeusi yote. Tekscha ya 1024 kwa 1024 inatosha kwa mnyama mmoja wa simu. Na kwa kuwa umeme na bando ni shida, hifadhi kila mara kwa jina jipya. Blender ukishaipakua haihitaji intaneti.

Umeandika mwishoni, kwa herufi ndogo, kwamba baba anaona unapoteza muda. Usibishane naye. Mwombe akae dakika chache, mzungushie mnyama kwenye skrini, umweleze habari za Lengai na magadi. Mwambie pia kwamba Dar es Salaam kuna Ubongo, wanaotengeneza katuni za Ubongo Kids tangu 2014, na kwamba kuna Watanzania wanaolipwa kwa kuchora wahusika. Shule usiiache, fizikia na kemia umeona zinavyokusaidia. Usiku lala.

Safari ijayo sitaki kuona rangi. Nitumie mnyama wa kijivu, picha tatu: mbele, ubavuni, na kivuli chake cheusi. Niandikie pia ni goti lipi linabeba uzito.