SOMO LA VITENDO: Kuchora Nakshi ya Mistari Isiyoonyesha Kiungo



Kamati nyingi za parokia huagiza kitenge cha jubilei au cha kikundi cha akina mama. Fedha ni michango ya waumini, na kitambaa kikishapigwa chapa hakiwezi kufutwa. Mara nyingi nakshi ya msingi ni mistari tu. Inaonekana rahisi, lakini hapo ndipo hasara huanzia. Somo hili linaeleza jinsi kijana mwenye kompyuta ya kawaida anavyoweza kuichora vizuri.

Kanuni yenyewe

Nakshi ya namna hii haichorwi kwenye kitambaa kizima. Huchorwa kipande kimoja cha mraba, tukiite kigae, kisha hurudiwa kama fundi anavyopanga vigae sakafuni. Kanuni ni moja: mstari unaotokea ukingo wa kulia lazima uingie ukingo wa kushoto kwenye kimo kile kile, na unaotokea juu uingie chini mahali pale pale. Mshona mikeka anaijua kanuni hii: ukili ukisogea kidogo, nakshi yote hupinda.

Kigae kikiwa cha inchi 4 na kitambaa kina upana wa inchi 44, kosa moja litajirudia zaidi ya mara 100 katika kila mita.

Hatua za kufuata

Tumia Inkscape, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003. Huhifadhi mistari kama vipimo, kwa hiyo mchoro hukuzwa bila kufifia.

1. Bonyeza Ctrl+Shift+D, weka ukurasa wa inchi 4 kwa 4. Picha ya nukta 300 kwa inchi itakuwa na nukta 1,200 kamili kila upande. Ukichagua sentimita 10 utapata nukta 1,181 na sehemu ndogo, na sehemu hiyo ikikatwa kiungo huweza kuonekana.

2. Weka gridi ya nusu inchi, na uruhusu mistari inaswe na gridi. Nafasi kati ya mistari lazima igawe inchi 4 bila baki.

3. Chora mistari ya mshazari ya nyuzi 45, mmoja kila nusu inchi. Utahitaji mistari 17. Wa kwanza na wa mwisho hugusa pembe tu, na wengi huiacha. Ukiiacha, kila pembe itabaki na pengo dogo.

4. Acha kila mstari upite ukingo kidogo. Ukiukomesha ukingoni kabisa, ncha yake huacha pengo la pembetatu.

5. Bonyeza Ctrl+Shift+E, toa picha ya ukurasa peke yake. Kilichozidi kitakatwa chenyewe.

Jaribio kabla ya kulipa

Fungua ukurasa mpya, ingiza picha hiyo mara nne, uzipange mbili juu na mbili chini zikigusana. Tazama katikati, pembe nne zinapokutana. Kisha chapisha kwenye karatasi, uibandike ukutani na usimame hatua tano. Jicho likienda moja kwa moja kwenye kiungo, rudi hatua ya 3. Karatasi moja ni gharama ndogo kuliko robota la vitambaa.

Mwisho, hifadhi mchoro wa asili katika makabrasha ya parokia, pamoja na nakala ya pili mahali pengine. Kwa wafadhili wetu tunasema: mafunzo haya hukiachia kikundi mchoro ulio wake, ambao kinaweza kuubadili rangi na kuutumia tena bila kulipia upya.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Nani kati yetu atakagua jaribio la vigae vinne kabla ya malipo?
2. Mchoro wa kitenge chetu cha mwisho uko wapi leo, na uko mikononi mwa nani?
3. Ni kijana gani tunaweza kumpa nafasi ya kujifunza kazi hii?