OK: utani wa Boston uliozunguka dunia

Hata asiyejua Kiingereza hulisema: kwenye simu, dukani, gereji. Leo safu hii inajibu maswali ya wasomaji kuhusu OK.

Swali: Herufi hizi mbili ni kifupisho cha nini?

Ni kifupisho cha "oll korrect", yaani "all correct", "yote ni sahihi", iliyoandikwa vibaya kwa makusudi. Mwishoni mwa miaka ya 1830 waandishi wa magazeti wa Boston, Marekani, walikuwa na mchezo wa kuharibu tahajia na kubakiza herufi za mwanzo. Ni kama mhariri wa Kiswahili aandike "zafi kabiza", kisha aifupishe kuwa Z.K. Gazeti la Boston Morning Post lilichapa OK tarehe 23 Machi 1839. Utamu wa mzaha uko hapo: inadai yote ni sahihi, ilhali hakuna hata herufi moja iliyo sahihi.

Swali: Mbona vifupisho vingine vya mchezo huo vilisahaulika?

OK ilibebwa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea muhula wa pili. Kwao ni Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake walimwita Old Kinderhook, "Mzee wa Kinderhook". Herufi zikaoana, wakaanzisha klabu za O.K. Wapinzani nao wakazigeuza kuwa kejeli. Van Buren alibwagwa na William Henry Harrison, lakini neno lilikwisha kuenea. Baadaye waendesha telegrafu wakalitumia kujulisha kwamba ujumbe umefika salama.

Swali: Nimesikia asili yake ni Afrika Magharibi. Kweli?

Hoja hiyo ipo: wako wanaolihusisha na "waw kay" ya Kiwolofu. Wengine hulipeleka kwa Wachoktaw, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa Amerika. Rais Woodrow Wilson aliliandika "okeh" kwa kuamini hivyo. Lakini kufanana kwa sauti hakuthibitishi undugu. Tango la kachumbari na tango wanalocheza Waargentina hayajuani. Mwaka 1963 na 1964 Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia alichapisha makala zilizofuata neno hili gazeti kwa gazeti hadi Boston. Ushahidi huo haujapinduliwa.

Swali: Mwalimu ameandika kwamba insha yangu ni "OK". Nifurahi?

Furahi kidogo. Katika Kiingereza, OK hukubali bila kusifu. Chakula kilicho OK kinalika, lakini hakuna atakayeomba kuongezwa. Mgonjwa aliye OK hajambo, basi. Mwalimu wako amesema insha haina neno. Hajasema ni nzuri. Sauti pia hubadili maana: ikipandishwa mwishoni huwa swali, "tumeelewana?", ikivutwa huonyesha shaka.

Swali: Kwa Kiswahili niseme OK, au nina neno langu?

Unayo kadhaa, na kila moja lina kazi yake. "Sawa" hukubali jambo. "Haya" huanzisha kazi, hufunga mazungumzo, na wakati mwingine humwachia mtu shauri lake. "Hewala" hupokea agizo kwa heshima. "Hamna shida" humtoa mtu wasiwasi. OK huyabeba yote hayo kwa mkupuo, ndiyo maana vijana huipenda.

Kwa rafiki, OK inatosha. Lakini mama mkwe akikuandikia ujumbe mrefu wa kukualika Jumapili, usimrudishie herufi mbili. Ataona umemkatia maneno. Mwandikie, "Sawa mama, tutafika." Hapo ndipo yote yatakuwa sahihi.