Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Vidokezo vya Kumpokea Mtoto wa Mbwa Penye Mbwa Mzee

Kuanzia vilima vya Osukuru hadi foleni ya malori pale Malaba, na kuteremka mpaka Busia, ni nadra kuingia boma lisilo na mbwa. Yeye ndiye wa kwanza kutoa habari kwamba kuna mtu njiani, na yeye ndiye anayelala nje mvua inyeshe isinyeshe. Umri ukimwelemea, wenye nyumba huanza kumtafutia msaidizi. Siku moja kijibwa hufika ndani ya katoni, juu ya bodaboda, na boma zima humkimbilia: watoto wanamgombania, mama anamtafutia maziwa. Mbwa mzee amesimama kando ya ghala, ananusa tu. Mimi nakuomba uanze na huyo aliyesimama kando. Akiwa mzima na mwenye utulivu, kazi kubwa ya kumlea mgeni ataifanya yeye.

1. Mkague mwenyeji kabla mgeni hajafika

Mbwa anayeumwa hana subira na mtoto. Kijibwa atamrukia mgongoni, atamng'ata masikio na kuning'inia mkiani mwake. Ikiwa nyonga zinauma au jino limeoza, atajibu kwa meno. Kwa hiyo wiki moja kabla, mpapase mwili mzima polepole: masikio, katikati ya vidole, tumbo, viungo vya miguu. Fungua mdomo uone ufizi. Ukiwa mweupe badala ya waridi, damu imepungua, na kwetu huku sababu mara nyingi ni kupe au minyoo.

Halafu mtazame macho. Hili nalitilia mkazo kwa sababu ya mahali tunapoishi. Jicho la mbwa likianza kuwa na ukungu mweupe, wengi husema ni uzee na kuliacha hapo. Lakini kando ya mito na vinamasi vya mpaka huu wa Uganda na Kenya kuna ndorobo, na ndorobo hubeba vimelea vya ugonjwa wa nagana. Si sadfa kwamba Shirika la Utafiti wa Malale la Afrika Mashariki liliwekwa hapa hapa Tororo katika miaka ya 1950. Ng'ombe wa kienyeji anaweza kukaa na vimelea hivyo muda mrefu bila dalili kubwa. Mbwa hushikwa vibaya sana na anaweza kufa katika wiki chache. Dalili zake ni homa, kukonda, uso au miguu kuvimba, na macho yote mawili kufunikwa na ukungu. Ukiona hivyo, mpeleke apimwe damu kwa hadubini. Dawa ipo na ni ya sindano, ila usivute kipimo cha ng'ombe na kumdunga mwenyewe: ikizidi kidogo tu humdhuru mbwa ubongo. Mbwa mwenye nagana pia ni habari kwa familia nzima, maana jamii moja ya vimelea hivyo ndiyo inayowapa watu malale. Mwambie daktari wa mifugo, naye atajua pa kuifikisha.

2. Usimchukue kabla ya wiki nane

Watoto wengi wa mbwa huku hawanunuliwi. Jirani anao sita, mama yao amekonda, naye anakusihi uchukue mmoja hata leo. Mwombe akuvumilie. Kati ya wiki ya tano na ya nane kijibwa anafundishwa na mama yake na ndugu zake kipimo cha meno: aking'ata kwa nguvu, mwenzake anapiga kelele na mchezo unakwisha. Aliyeondolewa mapema huja kwako bila somo hilo, na atakayeumia ni mbwa wako mzee. Ukiweza, msaidie jirani chakula cha yule mama katika wiki hizo. Ni gharama ndogo kuliko utakayolipa baadaye.

Usichelewe kupita kiasi pia. Hadi karibu wiki ya 14 akili ya kijibwa iko wazi kupokea watu, sauti na wanyama wapya bila hofu. Baada ya hapo dirisha hilo huanza kufungwa.

3. Wachanje wote wawili

Kijibwa huanza chanjo za parvo na distempa akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Usiruke dozi za kati, kwani kinga aliyorithi kwa mama hupungua kidogo kidogo, na hakuna anayeweza kukuambia kwa macho imekwisha lini. Distempa si ugonjwa wa kupuuza: mwaka 1994 ilienea Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba, na chanzo kilihusishwa na mbwa wa vijijini. Virusi vya parvo navyo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Kama bomani kwako mbwa aliharisha damu na kufa mwaka huu, usilete kijibwa kabla hajapata chanjo. Sakafu ya sementi unaweza kuiosha kwa jiki, sehemu moja kwa 30 za maji, lakini udongo wa uwanja hauoshiki.

Kichaa cha mbwa ndicho kisicho na mjadala. Duniani huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na wanne kati ya kumi ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kijibwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kila mwaka. Mbwa mzee naye, hata kama alichanjwa zamani na cheti kimepotea, mchanje tena, haitamdhuru. Tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ofisi nyingi za mifugo huendesha chanjo za umma, kwa hiyo uliza mapema ofisi iliyo karibu nawe.

Na kwa kuwa meno ya kijibwa ni makali kama sindano na watoto hucheza naye kutwa, kila aliye nyumbani ajue hili: kidonda cha meno huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha safari ya hospitali. Usipake majivu wala mafuta ya taa.

4. Ukimtoa ng'ambo, mvushe kwa karatasi

Undugu wetu haukatwi na mpaka. Shangazi yuko Amagoro, wewe uko Osukuru, na mbwa wake amezaa. Kijibwa anayevushwa kwa njia za panya hufika bila mtu yeyote kumkagua. Muulize daktari wa mifugo wa serikali utaratibu kabla ya safari. Cheti cha afya na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo mambo ya kwanza utakayoulizwa.

5. Wakutane nje ya boma

Kwa mbwa mzee, uwanja wote ni wake: mlango wa jiko, kivuli cha mwembe, njia ya kisimani. Ukimshusha mgeni katikati ya uwanja huo, umemwambia mwenyeji kwamba amevamiwa. Siku moja au mbili kabla, chukua kitambaa, kisugue kwa kijibwa, kisha kiweke karibu na mahali anapolala mzee. Akinuse kwa wakati wake.

Siku yenyewe, tafuteni mahali pasipo pa mtu: kiwanja cha shule jioni, au njia iliyo mbali kidogo na nyumbani. Muwe watu wawili, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba ndefu iliyolegea. Kamba ikikazwa, mbwa huhisi wasiwasi wako na kuamini kuna hatari. Msiwakabilishe uso kwa uso. Tembeeni upande mmoja, mkiwa mmeachana hatua kadhaa, kisha mkaribiane polepole. Mzee akitaka kunusa, mwache anuse kwa nyuma sekunde chache, umwite, umsifu, mwendelee kutembea. Rudieni hivyo mara kadhaa. Mzee akiinamisha kifua na kuinua makalio, anaomba mchezo. Kijibwa akilala chali na kujikojolea kidogo, usimkemee. Hiyo ndiyo heshima anayoijua.

Kosa ninaloliona sana ni kumbeba kijibwa kifuani ili asiumizwe. Mzee atataka kumfikia, ataruka, na hapo ndipo watu wanapokwaruzwa na mbwa wanapogombana. Mwache awe chini, kwa miguu yake mwenyewe. Wakishazoeana, ingieni bomani pamoja, mzee akitangulia.

6. Mngurumo ni onyo, usiuadhibu

Mzee akinguruma kijibwa anapomkaribia, watu humpiga fimbo. Tafadhali usifanye hivyo. Anamwambia mtoto aondoke kabla mambo hayajaharibika. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, na siku ya siku anang'ata bila onyo. Wewe mwite kijibwa, mpe shughuli nyingine, mwache mzee apumzike.

Kunguruma kwa kifupi, kuinua mdomo, hata kumbana mtoto chini kwa sekunde moja bila kumjeruhi, ni malezi ya kawaida. Ingia kati ukiona mwili wa mzee umekakamaa, macho yamekaza bila kupepesa, au anamfuata mtoto ambaye ameshakimbia.

7. Sahani mbili, pande mbili

Ugomvi mwingi huanzia kwenye chakula. Mlishe mzee kwanza, na mgeni upande wa pili wa nyumba, mahali wasipoonana. Kijibwa anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku hadi afike miezi minne hivi. Mzee mara mbili zinamtosha. Posho peke yake haijengi mifupa. Chemsha pamoja na mukene, au omena kama uko upande wa Kenya, baada ya kuosha mchanga. Mabaki yenye vitunguu yaache, na mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali vinavyochoma utumbo. Panapokunywewa pombe ya ajon, wafunge wote wawili mbali na chungu, kwa maana machicha ya pombe ni sumu kwa mtoto mdogo. Mfupa mkubwa wa ng'ombe, ambao ndio hasa huleta vita, mpe mzee tu, tena mtoto akiwa amefungiwa ndani.

8. Mzee apate pa kukimbilia

Jukwaa la mbao ambalo miguu mifupi haiwezi kulipanda, chumba chenye nusu mlango, au chini ya ghala penye uzio mdogo: popote patamfaa, mradi mtoto asifike. Kila siku pia mpe dakika zake peke yake nawe. Mpeleke shambani kama ulivyozoea, mgeni abaki nyumbani.

9. Tumia utulivu wa mzee kwenye radi

Tororo inajulikana duniani kwa ngurumo. Takwimu za miaka ya 1967 hadi 1976 zilionyesha wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka. Kijibwa aliyezaliwa huku atalazimika kuzoea, na mwalimu bora ni mbwa mzee anayelala usingizi mawingu yakipasuka. Mvua ikikaribia, waweke wote chini ya paa moja, mtoto amwone mwenzake alivyotulia. Kama mzee wako ndiye mwoga, watenganishe kabla ya radi ya kwanza, maana hofu nayo huambukizwa kwa kutazama.

Vivyo hivyo kwa kuku. Mzee aliyezoea kupishana na vifaranga humfundisha mtoto kuwaacha, ila wiki za mwanzo mfunge kijibwa kamba kila kuku wanapofunguliwa. Kifaranga wa kwanza akishaliwa, tabia hiyo ni ngumu kuivunja.

10. Funza, kupe na minyoo

Kijibwa apewe dawa ya minyoo kila wiki mbili mpaka wiki ya nane au kumi, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mpe na mzee siku hiyo hiyo, la sivyo wataambukizana. Minyoo ya mbwa huingia hata kwa watoto wanaocheza mchangani, kwa hiyo kinyesi kifukiwe kila siku.

Kagua nyayo kila jioni. Funza hupenda vumbi la chini ya ghala, na hutoka kwa mbwa hadi kwa watu. Nyunyiza maji na ufagie mahali wanapolala. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimmwagie mtoto. Mwili wake ni mdogo na anajilamba. Ng'oa kupe kwa mkono au kwa kibano, na uombe dawa inayofaa umri wake.

11. Wape muda, na uzungumzie uzazi mapema

Siku chache watakwepana, wiki mbili tatu watavumiliana, na wenye mbwa wengi huona urafiki kamili baada ya mwezi au zaidi. Usiwaache peke yao kabla ya hapo. Wanaogombana hadi damu watenganishe na umwite daktari. Na wakigombana tena baada ya hapo, kumpatia kijibwa nyumba nyingine mapema ni huruma kwa wote wawili.

Lakini kama mzee ni dume na mgeni ni jike, amani yao ina tarehe yake. Jike huweza kupata joto la kwanza kuanzia miezi sita, na siku 63 hivi baada ya kupandwa unakuwa na watoto wa kutafutiwa makao. Majike wawili nao hugombana zaidi mmoja anapokuwa na joto. Mzungumzie daktari habari ya kumhasi dume au kumfunga jike kizazi siku ile ya chanjo ya miezi mitatu, maana tayari atakuwa mbele yako, na una miezi mingine mitatu ya kutafuta pesa.