Kutafuta Sababu Kabla ya Kuthibiti Kitendo

Tuna ada moja barazani ambayo wengi wetu hatujaihisabu kuwa ni maasia. Mtu akishtakiwa kwa kuua, hata kesi haijafika nusu, sisi huwa tumekwisha kuusoma moyo wake. Huyu asema ni wivu, yule asema ni mali, na wa tatu, ambaye hata jina la mshtakiwa hawezi kulitamka, asema ni wazimu. Na mshtakiwa akiwa ni mwuguzi, ulimi hauna tena lijamu. Mtu aliyepewa wagonjwa awatunze, kisha ikasemwa kwamba amewaua, hilo ni jambo la kutisha, na jambo la kutisha hutafutiwa sababu upesi ili nyoyo zitulie.

Leo tuisome kesi moja ya Uholanzi. Nimeichagua kwa kuwa imekwisha, na mwisho wake wajulikana.

Lucia de Berk alikuwa mwuguzi katika hospitali ya watoto mjini The Hague. Mwezi wa Septemba 2001 alikufa mtoto mchanga katika zamu yake. Mauti hayo kwanza yalihisabiwa kuwa ya kawaida. Kisha ikasemwa kwamba mwanamke huyu amekuwako mara nyingi mno wagonjwa wanapozidiwa au kufa. Wakubwa wa hospitali wakapeleka khabari polisi, na Desemba mwaka ule ule akakamatwa. Mwaka 2003 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuua watu wanne na kujaribu kuua watatu. Alipokata rufani mwaka 2004, hukumu ilizidi: sasa ikawa ameua saba na kujaribu kuua watatu.

Hapana mtu aliyemwona akifanya lolote katika hayo. Mwenyewe alikana tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho.

Basi alihukumiwa kwa nini? Palikuwa na hisabu. Mtaalamu aliyeitwa na upande wa mashtaka alisema kuwa mwuguzi kukutana na matukio yote yale kwa bahati tu ni jambo la mara moja katika milioni 342. Mahakama ya rufani ilisema haikuitegemea hisabu hiyo, lakini masikio yalikuwa yamekwisha kuisikia. Na hisabu yenyewe ilikuwa na ila tangu shina lake: tukio lilipotokea naye yupo, lilitazamwa kwa shaka, lilipotokea naye hayupo, halikutazamwa hivyo. Mwenye kuhisabu samaki wa wavu mmoja tu atasema bahari nzima imo katika wavu ule. Baadaye waliotazama upya waliona kuwa katika wodi ile walikufa watoto saba katika miaka mitatu kabla hajafika, na sita katika miaka mitatu aliyokuwako.

Hisabu hata hivyo haina moyo, na watu walitaka moyo. Ndipo ikafunguliwa daftari yake ya kila siku. Siku aliyokufa mgonjwa mmoja mzee, Lucia alikuwa ameandika kwamba ameshindwa na shauku yake, na mahali pengine akataja siri kubwa aliyo nayo. Waendesha mashtaka wakasema: hii ndiyo sababu, ana shauku ya kuua. Yeye akaeleza kuwa shauku yake ilikuwa ni kuwatazamia wagonjwa kwa karata za bahati, akalifanya kwa siri kwa kuona kuwa halifai hospitalini. Hakusadikiwa. Mambo ya ujana wake yakafukuliwa, magazeti yakaandika, na kila lililopatikana likasomwa kwa miwani ile ile.

Hapa nataka tusimame kidogo. Msomaji wetu huenda akasema: kutazamia si haramu? Ni haramu, na gazeti hili halina haya kulisema. Lakini tazameni mtego ulipo. Mtu mwenye aibu moja huficha aibu hiyo, na ule ufichaji wake hugeuzwa kuwa dalili ya aibu nyingine kubwa zaidi. Dhambi ya ramli haiwi ushahidi wa kuua. Ni wangapi kati yetu wana daftari, au barua, au neno walilomwambia rafiki usiku, ambalo likisomwa mbele ya kadhi baada ya kifo cha jirani, litaonekana kana kwamba lilihusu kifo kile?

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walipoeleza kuua kwa kusudi walisema kuwa ni mtu kukikusudia kitendo na kumkusudia mtu, kwa kitu ambacho kwa kawaida huua. Wakaangalia kitu kilichotumika, kwa kuwa kusudi limo moyoni na chombo kimo mkononi, na hakimu hupewa macho ya kuona mkono. Ama kile kilichomsukuma muuaji, wivu au tamaa au chuki, hawakukitia katika nguzo za kosa lenyewe. Kusudi na kisukumo ni vitu viwili. Mtu huweza kuwa na visukumo kumi vya kumuua jirani yake na asimguse.

Nanyi mwakijua kisa cha Usama bin Zaid (r.a.). Vitani alimuua mtu aliyekwisha kutamka shahada, akajitetea kuwa yule alitamka kwa kuogopa silaha tu. Mtume (s.a.w.) alimkemea vikali, akamwuliza kama aliupasua moyo wa mtu yule hata akajua. Na Usama alikuwako mwenyewe, alimwona mtu wake uso kwa uso. Sisi twawahukumu watu wa Ulaya kutoka kibarazani, kwa khabari ya mkono wa nne.

Tena katika Suratul Hujurat, aya ya 12, makatazo yamekuja kwa mpango: dhana kwanza, kisha kupeleleza, kisha kusengenya. Katika kesi ya Lucia mambo yalipita kwa mpango huo huo.

Sisemi kuwa kila mwuguzi mwenye kushtakiwa ameonewa. Huko Ujerumani, Niels Högel alihukumiwa mwaka 2019 kwa kuwaua wagonjwa 85. Yeye alikuwa akiwadunga dawa za kusimamisha moyo, kisha akajionyesha kuwa hodari wa kuwahuisha. Lakini katika kesi ile makaburi zaidi ya mia yalifukuliwa, dawa ikatafutwa katika miili na ikaonekana, naye mwenyewe akakiri mauaji mengi. Kitendo kilithibiti. Ile sababu ilitoka kinywani mwake, haikubuniwa na wapita njia.

Turudi kwa Lucia. Mwaka 2006, akiwa gerezani, alipatwa na kiharusi kilichompooza upande na kumkata maneno. Nje, daktari mmoja, Metta de Noo, na nduguye Ton Derksen, mwalimu wa falsafa ya sayansi, walikuwa wakizisoma karatasi za kesi ukurasa kwa ukurasa. Derksen akaandika kitabu. Sumu iliyosemwa kuwamo katika mwili wa yule mtoto mchanga ikatazamwa upya na wataalamu, wakaona kuwa mauti yale yaweza kuwa ya maradhi. Mwaka 2008 akaachiliwa huku kesi ikifunguliwa tena. Mwezi wa Machi 2010 waendesha mashtaka wenyewe waliomba asionekane na hatia, na tarehe 14 Aprili mahakama ya Arnhem ikamwachilia kwa kila shtaka.

Ile daftari ilikuwa ni ile ile, haikuongezwa neno wala kupunguzwa. Katika mwaka 2004 ilikuwa ni sababu ya mauaji saba. Katika mwaka 2010 hapakuwa tena na mauaji ya kutafutiwa sababu, na yaliyobaki ndani yake yalikuwa ni maneno ya mwanamke anayependa kutazamia karata.